Basi, Mto na Haki ya Kupita

Kila ukifika wakati wa kupanga matembezi ya jumuiya, mawazo yetu hukimbilia mbali. Basi zima hukodiwa kwenda ufukweni Norfolk au milimani Wales, watu huchangishwa, na asiye na mchango hubaki nyumbani. Tahariri hii inatetea jambo dogo zaidi na, kwa maoni yetu, lenye faida kubwa zaidi: sisi tunaoishi Cambridge, St Ives na Huntingdon tuanze kutembea kwa miguu kando ya mto Great Ouse, mahali panapofikika kwa basi la kawaida la abiria, na tufanye hivyo mara kwa mara. Afya ni sababu nzuri, lakini siyo iliyo kubwa. Kubwa ni kwamba katika nchi hii njia ya miguu na basi la vijijini vyote viwili huishi kwa kutumiwa, na mwenye kuvitumia ndiye hupata kauli juu yake. Jumuiya isiyoonekana njiani wala kituoni haiulizwi lolote pale mambo ya njia na vituo yanapoamuliwa.

Tuanze na njia, maana hapo ndipo wengi wetu tunapojinyima. Mtu anaona ua, lango na ng'ombe wanaolisha, anajua hili ni shamba la mwenyewe, na adabu inamrudisha nyuma. Tumelelewa hivyo: kwa watu hatuingii bila hodi. Lakini England na Wales zina njia za umma zinazokadiriwa kufika kilomita 225,000, na nyingi hupita katikati ya mashamba ya watu binafsi. Ardhi ni ya mwenyewe, haki ya kupita ni ya umma. Ukikuta nguzo ya mti iliyobandikwa kiduara chenye mshale wa manjano, mara nyingi kimepauka kwa jua na kuota ukungu pembeni, mshale huo ni ruhusa tosha kwa mwendaji wa miguu. Sheria ya barabara ya mwaka 1980 inamtaka mkulima aliyelima juu ya njia inayokatiza shamba lake airudishe ndani ya siku 14, kwa upana usiopungua mita moja. Sheria hiyohiyo inasema kwamba watu wakipita mahali kwa miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kuzuiwa na bila kuomba ruhusa, mwenye ardhi huhesabiwa kuwa ameitoa njia hiyo kwa umma, isipokuwa awe na ushahidi kwamba hakukusudia hivyo. Maana yake ni kwamba nyayo za watu wa kawaida zinazaa haki. Na sheria haikuuliza nyayo hizo ni za mzaliwa wa hapa au za aliyekuja juzi.

Basi nalo lina hoja yake, na si ya wasio na gari peke yao. Ukienda na gari, pale ulipoliegesha ndipo utakapolazimika kurudi, ilhali mto hauzunguki. Anayeshuka basi St Ives anaweza kuufuata mto kwa kupanda kupitia Houghton na Godmanchester hadi Huntingdon, kama kilomita 10 hivi, akapanda basi la kurudi hukohuko bila kukanyaga njia ileile mara mbili. Na njia ya kufika St Ives kutoka Cambridge ni ya pekee. Mwezi Agosti 2011 ilifunguliwa barabara ya zege ya mabasi juu ya tuta la reli ya zamani, ile iliyoacha kuchukua abiria mwaka 1970. Basi likishaingia humo, magurudumu madogo ya ubavuni hugusa kingo za zege pande zote mbili, na dereva hana haja ya kushika usukani. Kabla ya kufika St Ives kipo kituo cha Fen Drayton Lakes. Hapo huoni nyumba wala duka; ni mabwawa yaliyoachwa na uchimbaji wa kokoto, ambayo leo ni hifadhi ya ndege. Ukishuka tu, umefika. Nauli ya safari moja katika mabasi yaliyomo kwenye mpango wa serikali iliwekewa kikomo cha pauni 2 kuanzia Januari 2023, kisha pauni 3 kuanzia Januari 2025, na wazee wetu waliofikia umri wa pensheni na kuchukua kadi zao hupanda bure siku nzima ya Jumamosi na Jumapili.

Wapo wanaosema tambarare haina cha kutazama. Nchi ya mlima hujionyesha yenyewe. Tambarare hutaka utembee ndipo ikuonyeshe. Pale pasipo na kilima, kila kilichosimama huonekana kutoka mbali, na minara ya makanisa ndiyo alama za njia: ukiacha wa St Ives mgongoni, utaona wa Hemingford Grey mbele yako, umekatika juu kama mnazi uliopigwa na radi, kwa sababu dhoruba ya mwaka 1741 iliangusha ncha yake na haikujengwa tena. Daraja la mawe la St Ives ni la miaka ya 1420, na katikati yake, juu kabisa ya maji, pana kanisa dogo. Litazame daraja kwa makini utaona matao yake hayalingani: mengi yamechongoka juu, lakini mawili ya upande wa kusini ni ya mviringo, kwa kuwa askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17 waliyabomoa ya awali ili adui asivuke. Huko Houghton kinu cha maji bado kinasaga unga wa ngano. Kati ya Godmanchester na Huntingdon limetandaa Port Holme, uwanda wa nyasi unaokatwa kiangazi na kufunikwa na maji ya mto majira ya baridi yakija, jambo ambalo mtu wa Rufiji au Tana hahitaji kuelezwa. Na yule ndege mweupe anayenyemelea samaki penye matete ni yangeyange, ambaye katika zama hizi hakuwahi kutaga England hadi mwaka 1996. Tena tambarare ina ukarimu ambao mlima hauna. Mzee mwenye magoti mabovu, mama anayesukuma kigari cha mtoto, kijana wa kiti cha magurudumu, wote wanaweza kwenda pamoja kwenye njia ya Thicket kati ya St Ives na Houghton, kilomita kama 3. Milimani tungewaacha kwenye gari.

Hoja nyingine ni nzito zaidi: tumetoka shamba, jembe tumelishika, kwa nini tulipe nauli kwenda kukanyaga matope? Kwa aliyetembea kilomita kadhaa akiwa na ndoo kichwani, kutembea kulikuwa kazi, na hatuna haki ya kumwambia alikuwa anaburudika. Lakini mwendo usio na mzigo ni kitu kingine. Wengi wetu ni wauguzi, walezi wa wazee na wafanyakazi wa maghala, tunaotoka zamu usiku na kulala mchana, na watoto wetu wanaijua nyumba, shule na supamaketi tu. Mtoto aliyezaliwa Cambridge akakua bila kujua mto wa mji wake unakoelekea, hata Kiingereza chake kikinyooka namna gani, bado hajakaa hapa sawasawa.

Kuhusu macho ya watu hatutaficha. Ripoti ya Julian Glover ya mwaka 2019 juu ya mandhari za kitaifa za England ilikiri kwamba Waingereza wengi weusi na wa asili ya Asia huziona kama mahali pasipowahusu. Wasiwasi wa mama anayesita kupita peke yake kwenye kijiji ambako kila pazia linasogea si wa kubuni. Jibu letu ni kwenda kwa kundi, watu kumi au kumi na watano, na kurudi palepale mwezi unaofuata. Mgeni hushangaza mara ya kwanza. Mara ya tano anasalimiwa. Chuki ya kweli ikitokea iripotiwe polisi, isimezwe kimya.

Na mabasi? Ni kweli mengi ya vijijini hayatembei Jumapili. Tangu sheria ya mwaka 1985 iwaachie waendeshaji nje ya London wachague njia zinazolipa, basi lisilo na abiria hukatwa, au husubiri fedha za halmashauri. Februari 2025 mamlaka ya pamoja ya Cambridgeshire na Peterborough iliamua kuchukua udhibiti wa njia na ratiba. Watakapowauliza wakazi basi lipi libaki, majibu yetu yatakuwa na nguvu iwapo tunalipanda.

Tunaiomba kamati ya jumuiya itenge Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia Aprili hadi Oktoba, maji yakiwa yamerudi mtoni. Ya kwanza iwe St Ives hadi Houghton na kurudi. Tukutane kituo cha mabasi cha St Ives saa nne asubuhi. Mwenye kigari cha mtoto aje nacho, na mwenye gambuti aziache nyumbani: njia ile imesakafiwa.