Mpira Umefungiwa Stoo

Ratiba iliyobandikwa mlangoni ilisema michezo, saa nane hadi saa tisa. Nilipofika kwenye uwanja mmoja wa Butembo, mashariki mwa Kongo, watoto waliokimbia mauaji vijijini walikuwa wameketi kwenye mabenchi, wakiimba wimbo wa kunawa mikono. Mpira ulikuwa stoo. Nikamuuliza mhamasishaji wa mradi kwa nini. Akanijibu palepale: uwanja ni wa mteremko, mvua imeufanya utelezi, yuko peke yake na kundi zima, na mtoto akivunjika mguu nani atalipa hospitali? Jioni akaandika ripoti: kikao kimefanyika, watoto wote wamehudhuria.

Simlaumu yeye. Ninawalaumu wanaoisoma ripoti ile wakaridhika.

Tumezoea kusema watu wetu hawafanyi mazoezi kwa sababu hawajaelimishwa. Uongo! Mara nyingi mshiriki huinuka au hubaki ameketi kwa kufuata anachoamini yule aliyesimama mbele yake. Mhamasishaji akiona mahali ni pabaya, vifaa hakuna na mkubwa wake hamjali, atakata muda, atageuza mchezo kuwa somo, na hakuna atakayejua, maana tunahesabu vichwa, jasho hatulihesabu. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na watu wazima dakika 150 kwa wiki, au zaidi. Daftari la mahudhurio halina mstari wa kuandika hayo.

Najua nitaambiwa kwamba mama wa Kinande, anayepanda milima na mzigo mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, hana haja ya kufundishwa mazoezi. Ni kweli, alipokuwa na shamba. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya Beni, ambayo mengi yanahusishwa na waasi wa ADF, yamewafungia watu wengi njia ya shambani. Aliyezoea kuondoka alfajiri akiwa na jembe sasa anashinda kwenye baraza ya ndugu mjini, magoti yanakakamaa, usingizi hauji. Mama huyo mnamwita kwenye semina, mnampa kiti cha plastiki na soda, mnamkalisha tena.

Na waliopona Ebola? Mlipuko ule, uliotangazwa Agosti 1, 2018, ukianzia Mangina, hadi kumalizika Juni 25, 2020, uliua watu 2,287. Waliopona walizidi 1,100, na wengi walirudi nyumbani na maumivu ya viungo na uchovu usiokwisha. Mwili wa namna hiyo hurudishwa polepole, na mtu asiye na haraka. Mhudumu anayetazama saa kila dakika kwa kuihofia barabara ya kurudi hawezi kuwa mtu huyo.

Wala hofu yake haikubuniwa. Aprili 19, 2019, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia dhidi ya Ebola, aliuawa kwa risasi akiwa kazini kwenye Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, hapa Butembo. Wanaofanya kazi kwenye tereni hawajasahau. Msiwaambie wajikaze! Waulizeni. Wao ndio wanaojua ni kartie gani imetulia wiki hii, ni saa ngapi akina mama wanaweza kutoka bila kuhofia njia, ni uwanja gani una ukuta. Waulizeni kabla bajeti haijafungwa, na wakisema hapafai, badilisheni mahali, ongezeni mtu wa pili, wekeni fedha za matibabu. Mhamasishaji anayejua kwamba atasikilizwa atautoa mpira nje.

Uwanja ule wa mteremko ungesawazishwa kwa salongo ya Jumamosi moja, wazazi wakija na majembe yao. Nilimuuliza mhamasishaji kama aliwahi kuwaeleza wakubwa wake. Akasema tangu mradi uanze hajaulizwa neno lolote ila idadi ya watoto.