Wasee wa Kitale na Bungoma, Simu Yenu Ilizibwa Lini Mara ya Mwisho?

Ukienda kusaka simu ya mtumba Kitale ama Bungoma, maswali yako ni yale yale. Betri inakaa? Kamera iko aje? Lakini kuna moja hujawahi kuuliza: hii simu ilizibwa matundu ya usalama lini mara ya mwisho?

Skiza hii. Ndani ya kila Android kuna keneli, yule mkubwa anayeamua programu gani iguse nini. Sehemu yake moja inaitwa Binder, kazi yake ni kubeba ujumbe kati ya programu. Novemba 2017, tundu likaripotiwa hapo.

Liko hivi: umehama keja, landilodi ameingiza mpangaji mpya, lakini bado uko na spea ya ufunguo. Binder ilikuwa inarudisha kipande cha memori, huku sehemu nyingine ya keneli ikibaki na anwani yake. Mjanja akipanga vitu vyake pale, anashika simu mzima: SMS za M-Pesa, picha, kila kitu.

Dawa ilikuwa fupi tu: kabla ya kurudisha memori, futa ile anwani kwanza. Ikawekwa kwenye keneli. Mambo yakaisha? Zii.

Ni kama kifurushi kilichotoka Bungoma kikienda Kitale, kikalala Webuye. Ile dawa haikuingia kwenye taarifa ya usalama ambayo Android hutoa kila mwezi, kwa hivyo simu kibao hazikuipata. Septemba 2019, Maddie Stone wa Project Zero, kikosi cha Google cha kusaka matundu, akaripoti kuwa kuna ushahidi tundu linatumika kushambulia watu. Kwa orodha kulikuwa na Samsung S7, S8 na S9, Huawei P20, Redmi 5A, hadi Pixel 2 ya Google wenyewe. Likaitwa CVE-2019-2215, na updeti ya Oktoba 2019 ikaliziba.

Umeona shida iko wapi? Waliojua kuliziba walikuwepo. Barabara ya kufikisha dawa kwa mfuko wako ndiyo ilikuwa mbovu. Na simu ikishaachwa na kampuni, hiyo barabara imefungwa kabisa. Bei rahisi ya mtumba mara nyingi inatoka hapo.

So fanya hivi leo. Ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, utafute tarehe ya usalama ya Android. Kama updeti inangoja, tafuta Wi-Fi uiweke, usiseme inakula bando. Kama tarehe ni ya kabla ya 6 Oktoba 2019 na hakuna updeti, hiyo simu isibebe pesa zako. Programu za kutumiwa kwa WhatsApp, wachana nazo.

Na ukirudi dukani, uliza tarehe kabla ya kuuliza kamera. Muuzaji akicheka, mwache acheke. Doo ni zako.