Punda wa Lamu, Mbuzi wa Kamina
Kisiwa cha Lamu, pwani ya Kenya, hufanya mbio za punda wakati wa Maulidi. Tangu 1987 punda wa kisiwa hicho wana kliniki inayowatibu bure, na mwenye punda aliyetunzwa vizuri hupewa zawadi. Hilo la zawadi ndilo linalotugusa: mnyama anasifiwa kwa afya yake, si kwa kasi tu.

Hapa Kamina, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hatuna mbio za punda. Tuna mbuzi wanaofungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini kwenye baiskeli, juani, bila maji. Ni ukatili. Serikali ya jimbo la Haut-Lomami itoe amri: mnyama asafirishwe akiwa amesimama, anyweshwe maji njiani, na daktari wa mifugo amkague sokoni kabla hajauzwa.