Tiara Kubwa Yataka Hadhari

Ikiwa unateremka Diani au Watamu kuteleza baharini kwa ubao na tiara, bila shaka umeshauriwa ununue tiara kubwa ili usikae ufuoni wakati wa malelezi, kaskazi na kusi zinapopishana. Ushauri huo una kasoro.

Mtu wa kilo 75 hutosheka na tiara ya mita 12 za mraba upepo ukivuma kilomita 28 kwa saa. Ukishuka hadi 20, atahitaji 15 au hata 17. Lakini upepo huo ukipanda ghafla kutoka 18 hadi 26, mvuto huongezeka maradufu, na tiara pana ni nzito kugeuka. Hapo ndipo mabega na magoti huteguka.

Kwa maoni yangu, nunua kwanza ubao mpana. Bei yake ni nafuu pia. Ukishapata tiara kubwa, usiiache imetulia angani, izungushe ndipo ikuvute. Ikianguka majini upepo ukiwa hafifu, ni kazi kuinuka tena. Kwa hivyo usiende mbali, wala usiingie kamwe upepo ukivuma kutoka bara. Na jizoeze kuiachilia haraka ukiwa bado mchangani.