Sinki Likiziba, Usikimbilie Asidi

Kuanzia vibanda vinavyowalisha madereva wa malori Malaba hadi nyumba za kupanga mjini Busia, sinki likianza kurudisha maji, kila jirani ana dawa yake. Nyingi ya dawa hizo zinaharibu.

"Chemsha maji, mimina yote." Mapaipu yetu mengi ni ya PVC, plastiki inayoanza kulegea kwenye joto la nyuzi 80 hivi. Hapa tulipo, mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 96. Viungo vinaweza kupinda na kuvuja. Mafuta nayo huyeyuka, yakasonga mbele, kisha yakapoa na kuganda pale mkono usipofika. Maji ya moto ya kiasi yanafaa kusuuzia baada ya kuzibua.

"Soda ya kuokea na siki." Povu linapendeza kutazama, basi. Vitu hivyo viwili huuana nguvu, na mafuta ya ngege wa kukaanga hubaki yalivyo.

"Hiyo ni kazi ya fundi." Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Chungulia chini ya sinki: mara nyingi utaona chupa ya plastiki iliyofungwa kwenye paipu, au paipu iliyopinda. Tega beseni, kisha fungua kwa mkono. Utakuta mafuta yaliyoganda, magamba ya samaki, ukoko wa ugali wa muhogo na nyuzi za stilwulu. Vioshee vipande ulivyofungua nje kwa sabuni, kamwe si ndani ya sinki lilelile. Uangalie mpira wa duara usipotee, kwani bila huo lazima pavuje. Rudisha, kaza kwa mkono. Spana hupasua plastiki. Chupa ikiwa safi na maji bado yanarudi, hasa yakipanda hadi bafuni, kizuizi kiko mbele zaidi. Hapo mwite fundi.

"Pampu ya mpira ni ya choo." Nunua nyingine ya sinki. Maji yafunike mpira, na sinki likiwa na mabakuli mawili, ziba tundu la pili kwa kitambaa chenye maji, la sivyo unasukuma hewa.

"Kostiki soda humaliza kila kitu." Ni kweli kwamba hugeuza mafuta kuwa sabuni. Lakini isipopenya, hutuama hapo ikiwa kali, na atakayefungua chupa itamrukia machoni. Ukishaimimina, usipampu wala usifungue. Fundi akija, mwambie kabla hajagusa chochote. Asidi nayo ikikutana na dawa ya madoa kama Jik hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu.

Na tafadhali, usinunue dawa yoyote ya kuzibulia iliyomiminwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo. Mtoto mwenye kiu hataitofautisha na maji. Kama unayo jikoni, iondoe leo.