Safari Hupangwa kwa Maji: Kutoka Feri Mpaka Moyale

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Neno hili lamfaa kila mtu, lakini lamfaa zaidi yule anayetaka kutoka kisiwani Mombasa kwa motokaa na kwenda bara ya mbali. Asimamaye Feri, akayaona magari yakishuka kutoka kivukoni na kushika njia ya mjini, huiona barabara mbele yake laini na nyeusi, akadhani kwamba haja yake ni petroli na fedha za chakula tu. Siku hizi lami imefika mpaka Moyale, penye mpaka wa Kenya na Ethiopia, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Hata hivyo nchi inayokatwa na lami hiyo haikubadilika: kwanza nyika, kisha mashamba, kisha jangwa. Anayehesabu kilomita peke yake hajaipanga safari. Yafaa ahesabu maji.

Wazee wa misafara walilijua jambo hili vizuri. Walioondoka pwani kwa miguu, wakapita Rabai na kuingia Nyika ya Taru, walikuwa na mwendo wao maalumu walioita terekeza. Mchana walipumzika kando ya maji, wakapika na kula. Alasiri wakajaza vibuyu na kuondoka, wakalala porini pasipo maji, na alfajiri wakaendelea hata wakafika penye maji mengine. Huko Taru maji yenyewe yalikuwa ya mvua, yaliyokusanyika katika mashimo ya mawe yaitwayo ngurunga. Na mvua ikikosa, ngurunga hukauka. Joseph Thomson alipopita njia hiyo mwaka 1883, akielekea nchi ya Wamasai, hakuwa na ujanja mwingine ila huo wa wapagazi wake. Hata reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ililazimika kupeleka maji kwa gari moshi ili vibarua wa Taru wasife kwa kiu.

Leo mtu wa Mombasa akifungua mfereji, huenda anakunywa maji ya chemchemi za Mzima, yanayochimbuka karibu na vilima vya Chyulu na kuletwa mjini kwa bomba tangu miaka ya 1950. Maji hayo yamekwisha kuivuka nyika kabla ya yeye kuivuka. Jambo la ajabu ni kwamba yule anayekunywa maji yaliyotoka mbali namna hiyo ndiye anayeingia nyikani na chupa moja ndogo mkononi.

Basi maandalizi yaanze siku kadhaa kabla ya safari. Kila abiria awekewe lita 5 za maji kwa siku, na debe jingine la lita 20 liwe la rejeta. Mpira wa akiba utiwe upepo na kupimwa. Jeki na spana ziwe mahali panapofikika bila kushusha mizigo yote. Breki zikaguliwe, ya mguu na ya mkono. Anayetoka Likoni hana budi kukumbuka kwamba mwaka 2019 gari lililokuwa limepanda feri lilirudi nyuma likatumbukia baharini, na mama na binti yake wakapoteza maisha. Tangu mwaka 2024 mwenye gari aweza pia kupita Dongo Kundu, asivuke kwa feri kamwe. Lakini popote apitapo, gari bovu ni bovu.

Siku ya kwanza iwe ya kufika Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 480. Msafiri aondoke alfajiri, kabla malori ya makontena hayajasongamana kati ya Changamwe na Mariakani. Baada ya Samburu na Taru miti huwa mifupi na miiba mingi. Penye Mackinnon Road, kando ya reli, upo msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, ambapo wasafiri wengi husimama kuomba dua. Kusimama huko kuna faida hata kwa gari, maana injini hupoa. Kutoka Voi mpaka Mtito Andei barabara hupita baina ya mbuga mbili za Tsavo, na ndovu huikata njia bila kutazama saa. Ndiyo sababu haifai kupita hapo usiku. Sababu nyingine ni malori: sehemu kubwa ya njia ni ya gari moja kwenda na moja kurudi, na dereva aliyechoka akitaka kulipita lori gizani, hukutana uso kwa uso na lingine. Mtito Andei ni nusu ya njia. Hapo dereva anyoshe miguu, ale, apumzike. Na huko Makindu hekalu la Makalasinga, lililojengwa mwaka 1926, hupokea wasafiri wa kila dini na kuwapa chakula bila malipo.

Siku ya pili ni ya mashamba. Kutoka Nairobi msafiri hupita Thika, Sagana na Karatina, katika nchi ya chai, kahawa, mahindi na viazi, kisha huvuka ikweta penye Nanyuki na kupanda mpaka Timau, penye ngano. Mtu wa pwani asisahau blanketi na sweta, kwa kuwa huko ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Mkulima mwenye macho atatambua kwamba neema yote hiyo yatoka katika Mlima Kenya. Mlima huo ndio unaozuia mawingu ya mvua upande mmoja na kuuacha upande wa kaskazini ukauke. Mito yake, pamoja na ile ya Nyandarua, huungana kuwa Ewaso Nyiro, unaoteremka kwa wafugaji wa Samburu na Isiolo. Maji yanayonyweshewa mboga huku juu hayafiki kwa ng'ombe wa kule chini, na katika miaka ya ukame jambo hilo limeleta ugomvi.

Msafiri alale Isiolo, ajaze petroli na maji, kwani hapo ndipo jangwa linapoanza. Siku ya tatu ni ya kwenda Marsabit, yapata kilomita 260, kwa njia ya Archer's Post, Merille na Laisamis. Kabla ya lami kukamilika katika miaka ya 2010, malori yalichukua siku mbili au tatu kutoka Isiolo mpaka Moyale, abiria wakiwa juu ya mizigo, na mara nyingi magari yalikwenda kwa kundi pamoja na askari kwa hofu ya majambazi. Sasa njia ni nzuri, lakini anayeiacha lami atakutana na laga, yaani mito mikavu ambayo hujaa ghafula kwa mvua iliyonyesha mbali. Maji yakipita, asubiri yapungue, asijaribu kuvuka.

Marsabit ni mlima wenye msitu na mashamba katikati ya ukame. Kutoka hapo, siku ya nne, ni kilomita 250 hivi za mawe meusi ya Dida Galgalu, kupitia Turbi, mpaka Moyale. Visima vya nchi hiyo vina wenyewe. Waborana na Wagabra huvitunza kwa ukoo, na zamu ya kunywesha ngamia na ng'ombe hujulikana. Mgeni apige hodi, asalimu, aombe. Hatanyimwa maji ya kunywa; lakini kuchota bila ruhusa ni sawa na kuingia ghala la mtu na kujipimia nafaka.

Siku nne zaonekana nyingi kwa mwenye haraka. Lakini anayeikata safari hiyo kwa siku mbili huendesha usiku, na usiku ndio wenye ndovu, usingizi na malori. Na akifika salama debe lake likiwa bado na maji, asiseme amebeba mzigo bure. Maji hayo aweza kumpa wa kwanza atakayemkuta amekwama njiani.