Tuitaje Maore Kila Mwaka

Marseille

Ndugu zangu wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, nanyi mliorudi Ngazija, Anzuani na Mwali lakini Kiswahili bado mnakizungumza majumbani,

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu bibi yangu, Mngazija aliyezaliwa Zanzibar, alinilea kwa lugha hii, na kwa sababu jambo lenyewe linawahusu nyinyi mlio Tanzania kuliko mnavyodhani.

Jumapili iliyopita tulikutana kwenye ukumbi wa chama cha mji wetu kuchangia paa la madrasa. Hesabu zilipokwisha, kijana mmoja anayesoma sheria akatoa karatasi kwenye mkoba. Lilikuwa azimio nambari 3385 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la tarehe 12 Novemba 1975, lililoipokea Komori kuwa mwanachama. Alilisoma kwa Kifaransa, kisha akatufasiria. Alipofika pale visiwa vinapotajwa, mzee mmoja, baharia mstaafu, akamwambia: "Mwanangu, rudia hapo." Kijana akarudia: Anzuani, Ngazija, Maore, Mwali. Mzee akakunja vidole vinne, kimoja kimoja. Halafu akauliza: "Na siku hizi nani anayesema maneno haya huko New York?"

Ukumbi mzima ulinyamaza. Nimerudi nyumbani na ule ukimya, nao ndio ulionifanya nishike kalamu.

Wazee mnayajua haya, lakini vijana wengi hawajaelezwa. Tarehe 22 Desemba 1974 visiwa vyote vinne vilipiga kura. Kwa jumla, karibu 95 kwa mia walitaka uhuru. Maore peke yake, zaidi ya 60 kwa mia walikataa. Swali likawa moja: kura ihesabiwe kwa visiwa vyote pamoja, au kisiwa kwa kisiwa? Komori ilisema pamoja, kwa sababu mipaka aliyoichora mkoloni haimegwi siku anayoondoka. Ufaransa ikaamua kuhesabu kisiwa kwa kisiwa. Tarehe 6 Julai 1975 Moroni, makao makuu ya Komori, ikatangaza uhuru, na Ufaransa ikabaki Maore.

Hapo nchi ya visiwa vidogo, isiyo na manowari wala fedha, ikaenda kuzungumza mbele ya dunia. Na haikwenda peke yake. Mwanzoni mwa 1976 Tanzania ilikuwa na kiti katika Baraza la Usalama, na balozi wake alikuwa Salim Ahmed Salim, mtoto wa Zanzibar. Tanzania ikaungana na Benin, Libya, Guyana na Panama kuwasilisha rasimu ya kuitaka Ufaransa isiendeshe kura nyingine Maore. Tarehe 6 Februari nchi 11 ziliunga mkono, tatu hazikuegemea upande wowote, moja ikapinga. Hiyo moja ilikuwa Ufaransa yenyewe, na kura yake ilikuwa ya turufu. Siku mbili baadaye kura ya Maore ikapigwa kama ilivyopangwa.

Mtu anaweza kusema tulishindwa. Mimi sisemi hivyo. Oktoba mwaka huohuo suala lilipelekwa Baraza Kuu, ambako hakuna turufu. Nchi 102 zilisema Maore ni ya Komori, 28 hazikuegemea popote, na aliyepinga alikuwa mmoja tu, Ufaransa. Tangu hapo, karibu kila mwaka hadi 1994, balozi wetu alisimama, suala likajadiliwa, kura ikapigwa, Ufaransa ikashindwa kwa hesabu. Kisiwa hakikurudi, najua. Lakini kila mwaka taifa kubwa lililazimika kukaa kitini na kusikiliza likiambiwa hapana na nchi ambazo kwenye ramani huzioni mpaka uvae miwani.

Kisha tukaacha. Hili ndilo linaloniuma kuliko turufu. Suala la Maore halijafutwa kwenye ajenda ya Baraza Kuu, lakini linawekwa humo kwa makubaliano kwamba lisijadiliwe. Azimio la mwisho ni la Novemba 1994. Januari 1995 serikali ya Ufaransa chini ya Balladur ikaweka viza kati ya Maore na visiwa vingine. Septemba mwaka huohuo Bob Denard na mamluki wake wakatua Moroni na kumteka Rais Said Mohamed Djohar. Nchi iliyokuwa ikipinduliwa kila baada ya miaka michache, yenye mishahara isiyolipwa na shule zilizosubiri msaada wa yuleyule iliyemshtaki, ingepata wapi nguvu ya kusimama New York? Siwalaumu mabalozi wetu. Lakini tuseme wazi kwamba sauti yetu haikuzimwa kwa turufu. Tulianza kuipunguza wenyewe, kidogo kidogo.

Angalieni yaliyotokea 2018. Moroni ilikataa kuwapokea watu wanaofukuzwa Maore, kwa hoja kwamba Mkomori hawezi kufukuzwa kutoka Komori. Ufaransa ikajibu kwa kusimamisha viza. Huku Marseille tuliishi miezi ile tukihesabu maziko ambayo ndugu hawakuweza kuja. Julai 2019 ukatiwa saini mkataba: euro milioni 150 za maendeleo, na ushirikiano juu ya safari za baharini. Hospitali na barabara tunazihitaji, nami sizidharau. Ninachouliza ni hiki: katika mazungumzo yale, neno letu lilikuwa na uzito gani, ikiwa kwa miaka ishirini na tano hatukulisema mahali linapoandikwa?

Kati ya Anzuani na Maore ni kilomita 70 tu. Mpwa wangu alizivuka kwa kwasa, ile mashua ya kuvulia samaki, na mtoto wa miezi saba mgongoni, akimpeleka kwa daktari. Siku tatu simu yake haikupatikana. Dada yangu alikaa hapa jikoni kwangu, shiromani ikiwa imemteremka mabegani, simu juu ya meza kati ya vikombe viwili vya chai iliyopoa. Hakulia. Alikuwa akiigeuza ile simu, kioo juu, kioo chini. Usiku wa tatu ikalia, na sauti ikasema: "Mama, tumefika, ila nguo zote zimelowa." Wengine simu zao hazikulia kamwe. Wamezama kwa maelfu tangu 1995, wakisafiri ndani ya visiwa ambavyo dunia imeandika kuwa ni nchi moja.

Tusijidanganye kuhusu Wamaore wenyewe. Mwaka 2009 zaidi ya 95 kwa mia ya waliopiga kura walikubali kuwa mkoa wa Ufaransa, na 2011 wakawa. Si kwa kulazimishwa kwa bunduki. Makao makuu ya visiwa yalipohamishwa kutoka Dzaoudzi ya Maore kwenda Moroni ya Ngazija, watu wa Maore walihisi wamedhalilishwa na ndugu zao, wakaogopa kutawaliwa na Ngazija na Anzuani, na sisi hatukuwapa sababu ya kuacha kuogopa. Mtu hamrudishi ndugu nyumbani kwa azimio, huku nyumba yenyewe inavuja. Kwa hiyo ninapodai tuitaje Maore, sidai tuwatukane. Nataka tuwaite, tena mbele ya mashahidi.

Na jirani zetu wametuonyesha njia. Mauritius nayo ilimegewa Visiwa vya Chagos na Uingereza mwaka 1965, kabla ya kupewa uhuru. Nchi ya watu milioni moja na kitu. Mwaka 2017 ililishawishi Baraza Kuu lipeleke swali katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Februari 2019 Mahakama ikasema kumegwa kule hakukuwa halali. Mei mwaka huo, katika Baraza Kuu, nchi 116 zikaiunga mkono Mauritius, sita zikapinga. Mei 2025 Uingereza ikatia saini mkataba wa kurudisha mamlaka ya visiwa hivyo. Kesi yetu ni ngumu kuliko yao, kwa sababu Wachagos walifukuzwa kwao na Wamaore wamepiga kura. Ila uvumilivu wa Mauritius ndio ninaouonea wivu.

Nasi hatuko mikono mitupu. Aprili 2025, wakuu wa Tume ya Bahari ya Hindi walipokutana Antananarivo, Rais Macron wa Ufaransa alitaka Maore ishirikishwe. Komori ikakataa, na katika chombo kile huwezi kuingizwa bila ridhaa ya wote. Mnaona? Pale tulipobaki na msimamo, "hapana" ya nchi ndogo bado inazuia.

Nyinyi mlio Tanzania mna jukumu ambalo sisi wa Marseille hatuwezi kulibeba. Sisi hapa tuna paspoti za Ufaransa, na kila tunachosema huambiwa tumeshakula upande mmoja. Nyinyi ni raia wa nchi iliyotusemea 1976, na ambayo Machi 2008 ilipeleka askari wake Anzuani, pamoja na wa Sudan, kuirudisha Anzuani chini ya Muungano wa Komori. Waulizeni wabunge wenu. Andikeni magazetini. Kiswahili sasa ni lugha ya kazi katika Umoja wa Afrika, kwa hiyo hata lugha ya kulisemea suala hili mnayo mdomoni. Na nyinyi mlio Moroni, muulizeni kila mgombea anayekuja kuomba kura: Baraza Kuu likikutana Septemba, utamwagiza balozi aombe mjadala, au utaacha suala la Maore lipite tena?

Yule mzee baharia aliomba nakala ya azimio. Kijana akampa karatasi ileile, mzee akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kitabu chake cha ubaharia. Tumekubaliana kwamba 12 Novemba tutakusanyika tena ukumbini, tuisome kwa sauti, kisiwa kwa kisiwa. Itakuwa baada ya Isha. Nawaomba nanyi msome huko mliko, Malindi, Kariakoo, Mutsamudu, popote penye watu wanne. Na aliye na jamaa Mamoudzou, kule Maore, ampigie simu siku hiyo, amsalimie kwa jina lake.

Wenu,
Mngazija wa Marseille